Taa ya Oili

Fundi Makame alikita ncha ya bisibisi kwenye injini, akaegemeza mpini sikioni kama daktari anayesikiliza kifua. Ndani, chuma kilikuwa kinagonga chuma.

"Zima, dada. Injini imenoki. Imetembea bila oili siku nyingi."

Sikudhani, mwenye usukani, aligeuka kumtazama mama yake, aliyelala kiti cha nyuma, uso na miguu imevimba. Miezi minne gari hili kuukuu ndilo lililompeleka kusafishwa damu katika hospitali ya mji wa pili. Leo ilikuwa zamu yake.

"Lakini taa ya oili haijawaka hata siku moja, fundi. Aliyeniuzia aliniambia ikiwaka nisimame. Naitazama kila safari."

Makame akafungua dashibodi. Juu ya kitaa cha oili palibandikwa kipande cha tepu ya bluu, kimekatwa kwa mkono wa mtu anayeipenda kazi yake. Gari lilikuwa limepigwa rangi mpya, ndiyo maana hakulitambua. Mwenye gari wa wakati ule alitaka liuzike upesi. Kazi ya dakika tano, na kila fundi wa mtaa ule aliifanya bila kumfikiria mnunuzi.

Akaibandua tepu, akageuza ufunguo. Taa nyekundu ikawaka.

"Nani mwenye roho ya kufanya hivi?" Sikudhani aliuliza.

Nyuma, mama akaguna. Makame akaukaza mkono kwenye mpini wa bisibisi yake, lakini mpini ulikuwa mrefu, na tepu ya bluu aliyouzungushia ilichungulia juu na chini ya ngumi.