Kenge wa Rahaleo

Kenge alijitokeza majanini wakati watoto wamejaa kwenye bembea za uwanja wa Rahaleo, na watu wakaanza kupiga kelele.

“Mamba! Ueni!”

Kijana mmoja aliokota tofali. Wengine walivunja matawi ya miti iliyopandwa juzi tu.

Odete aliacha sufuria yake ya uji akakimbia. Yeye na kina mama wenzake wa Rahaleo ndio waliozoa taka katika uwanja ule kwa mikono yao, mwaka mzima, mpaka bwawa likaonekana tena na ndege wakarudi. Alijua kwamba jiwe la kwanza likirushwa, hakuna atakayeyazuia mengine. Akasimama mbele ya watu, mgongo ameuelekeza kwa mnyama.

“Si mamba huyu, ni kenge! Anakwenda bwawani kwake. Anayetaka kumpiga aanze na mimi!”

“Mama Odete, toka hapo, atakung’ata!”

Hakutoka. Alisikia majani yakichakacha nyuma yake, kisha kitu kizito, cha baridi, kikapanda juu ya mguu wake. Kucha zilimkwaruza taratibu, moja baada ya nyingine. Akabana pumzi. Mkia wenye madoa ya manjano ulimpitia mguuni, mrefu kama hauna mwisho.

Yule kijana aliuangalia mpaka ulipokwisha. Akaweka tofali chini.

“Jamani,” alisema, “mpisheni mwenyeji.”

Watu wakaacha njia katikati yao hadi ukingoni mwa bwawa, na kina mama wakaanza kupiga vigelegele kabla kenge hajafika majini.