Utepe wa Kupimia Kiuno

Shemsa hakumtazama mtoto. Aliufungua mkaja ambao Mwanaidi alifungwa tumboni na shangazi yake baada ya kujifungua, akautupa sakafuni, kisha akamzungushia kiunoni utepe wa fundi cherehani.

"Umepungua, mama! Si nilikwambia? Unga wangu hausemi uongo."

Mwanaidi, ambaye hata arobaini alikuwa hajatoka, alijaribu kutabasamu. Tangu alipoacha uji wa pilipili manga na kuanza kunywa unga ule wa mkebe wa kupunguza mwili aliouziwa na Shemsa, kiuno kilikuwa kimepungua kweli. Lakini maziwa nayo yalikuwa yamepungua. Mtoto alishika ziwa, akanyonya kidogo, akaliachia, akalia kwa sauti iliyokuwa ikififia kila siku.

"Shoga, maziwa hayatoki."

"Mwili unajisafisha huo, acha woga. Mume akirudi safari hatakutambua!" Shemsa alicheka, akatoa mkebe mwingine mkobani. "Sasa na wewe uuze, ulete wateja wako, uwe kiongozi kama mimi. Yule jirani yako mwenye kichanga, umemwambia?"

Mwanaidi aliitika kwa kichwa. Alikuwa amemwalika siku zile ambazo mtoto wake bado alilia kwa nguvu.

"Hodi!" Sauti ya jirani ilisikika barazani, na pamoja nayo kilio kikubwa cha kichanga.

"Karibu, mpenzi, karibu!" Shemsa alijibu kana kwamba nyumba ni yake, akaunyoosha utepe kwa mikono miwili.

Mwanaidi aliuokota mkaja, akaukumbatia pamoja na mtoto, akafumbua mdomo. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka.