Mwali wa Kioo Kipana

Bi Mwanamina aliruka kutoka kwenye kiti, akakifunika kioo cha kompyuta, kilichokuwa kikicheza video ya mwali aliyoileta, kwa ushungi wake.

"Rudisha kama ilivyokuwa," alisema. "Umeshamharibu mwali wangu."

Yasmini, fundi wa video za harusi pale Kibiti, alishika kiuno. Tangu asubuhi alikuwa anahangaika na kioo hicho kipana cha mtumba. Kompyuta yake ilikuwa ya Linux, maana Windows ilishaliwa na virusi, na Linux nayo ina kiburi chake: usipoiambia kitu, haijisumbui. Haikukitambua kioo kipya, ikakipa picha ya kipimo cha kioo cha zamani, nacho kikaivuta hadi ikajaa. Kila mtu akawa mpana, sura zikawa ukungu mtupu, na picha ikawa inapepesa mpaka kichwa kinagonga.

Kupepesa alikumaliza mapema. Alifungua dirisha la amri, akapandisha hezi, yaani mara ambazo kioo huchora picha upya kila sekunde, kutoka sitini hadi sabini na tano, picha ikatulia. Bi Mwanamina akamshukuru sana. Kisha Yasmini akaandika rezolusheni, kile kipimo halisi cha picha ya kioo kipya, 1920 kwa 1080, picha ikanyooka na kung'aa. Hapo ndipo bibi wa watu alipochachamaa.

"Lakini shangazi, hilo ndilo umbo lake la kweli."

"Umbo la kweli atalitazama mumewe. Mama mkwe anataka mnene."

Yasmini akacheka mwenyewe. Kwa kina Bi Mwanamina kule Mbuchi, mwali akiwekwa ndani hulishwa mpaka anawiri, na mwenye jukumu la kumlisha ni somo wake. Somo wa Zawadi, mwali wa kwenye video, alikuwa huyu huyu Bi Mwanamina, shangazi yake binti, mwembamba kama mwiko, umri wa miaka sitini na ulimi wa ishirini. Akishawekwa ndani, watu wa upande wa mume hawamwoni mwali mpaka siku ya ndoa, ila siku hizi wanaonyeshwa video, dunia imebadilika. Na Bi Johari, mama wa bwana harusi, alikuwa njiani kutoka Nyamwage. Alishasema wazi: akiona binti bado mkavu, ndoa ya Ijumaa haipo.

"Nije Mbuchi nimpige upya?" Yasmini aliuliza. "Kamera yangu ni nzuri."

"Usijisumbue, mwanangu. Mimi simu niliisimamisha juu ya kinu, nikabonyeza, ikajipigia yenyewe."

"Basi nirudishe unene, ukungu niuondoe."

"Na ukungu uache. Una heshima yake."

Haya. Yasmini akarudisha kipimo cha zamani, mwali akavimba upya.

Bi Johari aliingia akihema, akakaa, akavaa miwani. Kwenye kioo, mwali aliyepakwa liwa, ule uji wa msandali, uso mzima, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, alikuwa anatafuna ubwabwa wa nazi taratibu, macho chini. Mashavu yalijaa kioo kizima. Bi Johari alitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi. Mwaka jana nilimwacha kama ufito. Na adabu hii! Hata kichwa hainui."

"Nimemfunda mwenyewe," alisema Bi Mwanamina.

Wakaagana kwa vigelegele, Bi Johari akarudi kwao kuagiza mchele. Bi Mwanamina yeye alivuka barabara mbio mbio, na badala ya kushika njia ya Mbuchi, akadandia basi la Dar es Salaam. Kafuata vitu vya harusi, Yasmini akawaza, akarudi dukani kwake.

Alikuwa na kazi za watu wengine zinamsubiri, na hakuwa na hamu ya kuharibu macho kwa ajili ya mama mkwe wa mtu. Akaandika tena ile amri. Kioo kikanyooka, ukungu ukaondoka. Video ilikuwa bado inacheza, na safari hii hapakuwa na wa kumzuia, akamtazama mwali vizuri.

Liwa ilikuwa imepasuka pasuka juu ya makunyanzi. Aliyeinamisha kichwa, akitafuna ubwabwa kwa haya zote zile, alikuwa Bi Mwanamina mwenyewe. Kumbe Dar es Salaam hakufuata vitu vya harusi; alimfuata mwali.