Jiko Linauliza Nipo na Nani

Tangu daktari aingize neno "kifafa" kwenye bangili yangu inayosomwa na mashine, jiko la nyumbani haliwaki mpaka mtu mzima mwingine aseme, "Nipo." Kiwandani cherehani nayo imenikataa. Sasa nakunja mashati.

Wiki ya kwanza mume wangu, Shomvi, alisimama mlangoni kila nikipika. Ya pili alijibu akiwa amelala kitandani. Jana akaniwekea spika ndogo juu ya kabati.

"Nimerekodi sauti," alisema. "Na mimi nipumzike kidogo, mama Siwatu."

Nikamwambia ahsante.

Leo nimezinduka sakafuni, ulimi unaniuma. Ugali umeungua. Jiko bado linauliza, na sauti ya Shomvi inalijibu kwa upole: nipo, nipo.