Vidole vya Mkamwana

Siku hizi maumivu hayatibiwi, huhamishiwa mtu mwingine. Bi Tabu alipoondolewa ya baridi yabisi, vidole vililainika, akawa anafuma vitambaa vya makochi kutwa. Hakuuliza yamekwenda wapi. Nani huuliza taka zikishazolewa?

Jana akamwona mkamwana wake, Mwanaidi, akimfunga mtoto vifungo vya gauni kwa meno, vidole vimevimba kama tangawizi.

"Sudi!" alimfokea mwanawe. "Mbona hukuyachukua wewe?"

"Mimi nina kazi, Mama."

Bi Tabu aliitupa sindano ya kufumia. "Kupika, kufua, kulea, huo ni mchezo? Nirudishieni maumivu yangu!"

"Hayapandi, Mama," alisema Mwanaidi. "Hushuka tu, kwa aliye mdogo zaidi."

Sudi alikuwa tayari anamtazama mtoto.