Feni Haikusimama

Kila mgonjwa alipoingizwa kwenye mashine ya saratani, umeme wa mji mzima ulielekezwa huko, kuzivua chembe za kaboni elektroni zake ili ziende kuchoma uvimbe wake. Feni zikisimama, kila nyumba ilisema, "Apone." Miaka yote Nyamizi alilisema neno hilo huku amevuta mdomo, chapati zikimharibikia jikoni.

Leo zamu ilikuwa ya mumewe, Lutonja. Adhuhuri, saa aliyopangiwa, ilipofika, Nyamizi alikaa na jirani yake, Mama Sizya, neno likiwa tayari mdomoni. Feni ikaendelea kuzunguka.

"Labda mashine wameiboresha," Mama Sizya alisema taratibu. "Siku hizi haili umeme mwingi."

"Labda, jirani."

Nyamizi akainuka, akaizima feni kwa mkono wake mwenyewe.

"Apone," akasema.