Keki Haitaki Kelele

"Ukikohoa tena, mume wangu, naondoka," mke alisema, akafunga mlango wa jikoni.

Mzee mkaguzi alibaki sebuleni na soksi zake, viatu kavivua, kiganja kaziba nacho mdomo. Hakuwa mgonjwa. Keki ya sponji ilikuwa ndani ya oveni, na keki ya sponji, kama mkewe alivyomfundisha, haitaki kelele. Neno moja tu, inabonyea.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani. Wauza nyama na wauza sukari walimjua: zikipungua gramu tano, hana msalie mtume. Alipostaafu, ofisi ilimpa saa ya ukutani, ikamrudisha kwa mkewe pamoja na ujuzi wake wote. Bahati iliyoje! Sasa mama wa watu alikuwa na mtu wa kumwelekeza sufuria hukorogwa kwa upande gani, sakafu hudekiwa kuanzia kona ipi, na kitanda alichokitandika kwa miaka arobaini alikuwa akikikosea wapi. Darasa lilianza na chai ya asubuhi, likaisha taa ikizimwa.

Ndipo mke alipoanza mambo ya keki. Dakika arobaini, hakuna kusema, hakuna kutembea, jikoni hakuingiliki. Huko jikoni hakukuwa na saa. Mke alichungulia ile ya sebuleni ndipo amtoe mzee kifungoni.

Mwezi uliopita mkaguzi alishindwa kujizuia, akapaza sauti kumsahihisha mtangazaji wa redio. Keki ilitoka bapa kama ndala. Mke hakugomba. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akaliweka karibu na mlango wa mbele.

"Ikibonyea nyingine, naenda kukaa kwa binti yetu," alisema. "Na sijui nitarudi lini."

Sanduku lilikuwa bado pale pale, na mkaguzi alikuwa mpole kuliko maji ya mtungini. Nyumba ya watu wawili ikawa inaoka keki nne kwa wiki. Mtu aliyeweza kunusa gramu tano zilizopungua ndani ya gunia hakuona hapo kitu cha kukagua.

Dakika ya kumi, hodi. Mkaguzi alinyata, akafungua. Alikuwa jirani yao, mama mmoja asiyepitwa na jambo, na sahani tupu mkononi.

"Shemeji, nimefuata kipande changu. Asubuhi ulipokwenda matembezini, mwenzio kafungulia redio, kaimba mpaka—"

"Shh!" Mkaguzi alisonta kidole jikoni. "Iko ndani!" alinong'ona, akaurudisha mlango.

"Iko ndani?" jirani alishangaa kule nje.

Dakika ya kumi na tisa, chafya. Aliibana pua, akauma midomo, akajifunika mto wa kochi. Wapi! Ilitoka na nguvu zote za miaka thelathini na mmoja ya utumishi, vikombe vikagongana kabatini.

Alisimama akisikiliza. Jikoni kimya. Akaliangalia sanduku, na hofu ikamshika kweli. Alimpenda mwanamke yule, ingawa katika maelekezo yote aliyompa, hilo hakuwa amelitaja kitambo. Aliona heri aende akiri mwenyewe kabla hajaitwa. Akausukuma mlango wa jikoni polepole.

Mke alikuwa ameketi akiupa mlango mgongo, miguu juu ya stuli, kitabu mkononi, pamba masikioni. Kwenye rafu, chini ya kitambaa, keki ilikuwa imeshatulia, imeumuka ikajaa. Mkaguzi aliweka kiganja juu ya oveni. Ilikuwa baridi.

Mke alifunua ukurasa, akacheka peke yake. Kicheko hicho mkaguzi hakuwa amekisikia tangu astaafu.

Alirudi kinyumenyume hadi sebuleni, akafunga mlango bila kukiliza kitasa. Kisha mtu ambaye hakuwahi kumsamehe muuzaji hata gramu moja alipanda juu ya kiti, akairudisha saa ya ukutani nyuma dakika kumi na tano.